Ukisomea mazingira, unasomea nini hasa?

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka na dirisha la maombi ya vyuo likifunguliwa, simu yangu hupokea ujumbe wa aina moja. "Shikamoo kaka. Nimemaliza CBG, nimeona kuna kozi ya mazingira. Ni ya nini hasa? Ina hesabu? Ajira zipo?" (CBG ni mchepuo wa kemia, biolojia na jiografia.) Mwaka jana binti mmoja alinitumia picha ya karatasi aliyoorodhesha kozi sita kwa kalamu ya bluu. Zote zilikuwa na neno mazingira, na mbele ya kila moja kaweka alama ya kuuliza. Nilimjibu mistari miwili nikiwa nimening'inia kwenye daladala. Nilipoteremka nilijua nimemjibu vibaya. Hili ndilo jibu nililopaswa kumpa.

Neno lenyewe ndilo linaloanza kutuchanganya. Mtaani, mazingira ni ufagio na mche. Ni usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, maduka yamefungwa hadi watu wamalize kufagia, au ni kiongozi kashika koleo jipya anapigwa picha kando ya mti ambao ukifika Agosti utakuwa umekauka. Marehemu mjomba wangu, nilipomwambia nimechaguliwa kusomea sayansi ya mazingira, aliniuliza kwa upole kabisa kama majembe tunapewa na chuo au tunakwenda nayo. Sikuwa na jibu. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui.

Leo angekuwepo ningemsimulia habari za chura.

Chura wa hekta mbili

Mwaka 1996, kwenye korongo la mto Kihansi, pale milima ya Udzungwa inaposhukia bonde la Kilombero, watafiti walimkuta chura mdogo wa manjano ambaye hakuwa ameandikwa popote. Jike aliyekomaa hafiki sentimeta 3. Hatagi mayai majini kama tulivyofundishwa shuleni. Anazaa vitoto ambavyo tayari ni vyura kamili. Na makazi yake yote hapa duniani yalikuwa takriban hekta 2, eneo lisilotosha viwanja vitatu vya mpira, chini ya maporomoko ambako manyunyu ya maji yalilowesha majani usiku na mchana, masika na kiangazi.

Alipogunduliwa, ujenzi wa kituo cha umeme cha Kihansi ulikuwa umeshaanza. Megawati 180, katika nchi iliyokuwa imechoshwa na mgawo wa umeme. Maji yaliyokuwa yakirukia korongoni yangepitishwa kwenye handaki hadi kwenye mitambo. Kituo kilipowashwa, karibu asilimia 90 ya maji ya maporomoko iliondoka, na manyunyu yakaondoka nayo.

Sasa jiulize hilo ni tatizo la nani. Mtaalamu wa wanyama atakwambia chura anahitaji unyevu, lakini hajui ni lita ngapi kwa sekunde. Mtaalamu wa mito anaweza kukokotoa hizo lita, ila kila lita inayorudi korongoni ni umeme uliopotea, na hesabu hiyo iko kwa mhandisi. Mhandisi anafanya kazi kwa kibali cha kutumia maji, na kibali ni karatasi ya mwanasheria. Kuamua kwamba umeme upungue kwa ajili ya chura ni kazi ya mwanasiasa, naye anamsikiliza mpiga kura aliyekaa gizani. Kila mmoja yuko sahihi ndani ya uzio wake, na chura anakufa katikati ya nyua zao.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walikusanywa na kupelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani, zikiwemo za Bronx na Toledo. (Tulicheka sana mtaani: vyura wanapanda ndege, sisi tunagombania daladala.) Korongoni vikafungwa vinyunyizio, mabomba yanayotoa manyunyu ya kuigiza. Ilielekea kufanikiwa. Mwaka 2003 idadi ilikadiriwa kufika kama vyura 20,000. Miezi michache baadaye waliporomoka, na baada ya mwaka 2004 hakuna aliyeonekana tena porini. Mwaka 2009 akatangazwa ametoweka porini. Waliosalia ni wale wa ughaibuni na watoto wao. Mwaka 2010 baadhi walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa tena korongoni.

Nini kiliwaua vyura wa porini mwaka 2003? Kulikuwa na fangasi anayeshambulia ngozi ya vyura, ambaye ameua vyura sehemu nyingi duniani. Kulikuwa na vinyunyizio vilivyosumbua wakati wa kiangazi. Na bwawa lilifunguliwa kwa muda kusukuma tope, tope lililobeba viuatilifu vya mashamba ya mahindi ya huko juu. Vyote vilikuja karibu kwa wakati mmoja. Ukishafika hapo, huwezi tena kukaa mezani ukachagua kipi ni kipi, kwa sababu kilichohitajika ni vipimo vya kabla: chura walikuwa wangapi, maji yalikuwa na nini, ngozi zao zilikuwaje kabla ya swichi ya kwanza kuwashwa. Wenyewe tunaiita hali ya awali. Tathmini ya mwanzo ya mradi ule haikumwona chura kabisa, kwa hiyo hali yake ya awali ilianza kuandikwa wakati matrekta yako kazini.

Shahada ya sayansi ya mazingira, ukiivua mapambo yote, ndiyo hiyo. Inakufundisha kukifuata kitu kimoja, iwe maji, sumu, taka au chura, kinapovuka uzio wa fani moja hadi nyingine, na kukipima kila kinapovuka, ili siku ya kuulizwa uwe na namba ya kabla na ya baada.

Mwaka wa kwanza na kilio chake

Ukilijua hilo, ratiba ya mwaka wa kwanza haitakushangaza. Sisi ilitushangaza. Jumatatu kemia, Jumanne udongo na miamba, Jumatano takwimu, Alhamisi sosholojia, Ijumaa utangulizi wa sheria. Hosteli ilikuwa na msemo wake: "Hii kozi ya kuonjaonja." Jirani yangu wa chumba alikuwa anasoma kemia tupu, na kila nilipofungua desa la sosholojia ya vijijini alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyepotea njia ya kwenda maabara.

Malalamiko yale yana ukweli ndani yake, na nitayarudia nikifika kwenye ajira. Lakini sababu ya kuonja ipo. Ukitaka kuelewa kwa nini kisima cha mtaa fulani kina naitreti nyingi, unahitaji kujua naitreti ni nini (kemia), inapitaje kwenye mchanga na inakwamaje kwenye mfinyanzi (udongo), kisima kina kina gani na maji ya chini yanaelekea wapi (jiolojia), na kwa nini wapangaji kumi na wanane wanatumia choo kimoja cha shimo kilicho hatua chache kutoka kisimani (sosholojia, na kidogo uchumi wa kodi ya nyumba). Ukikosa kimoja, utashauri ujinga kwa kujiamini.

Mwaka wa pili mambo yanakaza: kemia ya mazingira, ikolojia, usimamizi wa taka, ramani za kompyuta zinazoitwa GIS, picha za setilaiti. Mwaka wa tatu ni tathmini za athari, sera, na utafiti wako mwenyewe unaouandika, unaufuta na kuuandika tena. Kati ya hapo kuna fildi, wiki kadhaa za mafunzo kwa vitendo. Nchini kwetu shahada hii kwa kawaida ni miaka 3. Kenya ni 4.

Chupa nyeupe kama tui

Nieleze somo moja kwa karibu, kwa sababu ndilo lililonifanya nielewe nilichokuwa nasomea, na nililielewa kwa kukosea.

Kuna kipimo kinaitwa BOD. Kinauliza swali jepesi: vijidudu vilivyomo kwenye maji haya vitatumia oksijeni kiasi gani vikiwa vinaula uchafu uliomo? Unachukua chupa ya kioo ya mililita 300, unaijaza pomoni bila kuacha hata kapovu, unapima oksijeni iliyoyeyuka. Chupa ya pili ya maji yaleyale unaifunga na kuiweka kwenye kabati lenye giza, nyuzi joto 20, siku 5. Siku ya tano unapima tena. Oksijeni iliyopotea ndiyo kipimo cha uchafu. Samaki na vijidudu wanagombania oksijeni ileile, kwa hiyo namba ikiwa kubwa, samaki ndiye anayeshindwa.

Kundi letu la watu watano tulipewa mto Msimbazi. Unatokea vilima vya Pugu, unakatiza Vingunguti, Kigogo na Jangwani, unaingia baharini karibu na daraja la Selander. Tulichota sehemu tatu, moja ikiwa chini kidogo ya mfereji wa majitaka unaomwagia mtoni. Huhitaji maabara kuujua mfereji ule. Harufu yake inakufuata nyumbani.

Siku ya tano tukafungua kabati. Namna ya zamani ya kupima ni ya kupendeza machoni: unadondosha myeyusho wa mangano salfeti, kisha wa alkali wenye iodidi, unafunga na kupinduapindua chupa. Kama oksijeni ipo, linatokea wingu la kahawia na kutulia chini. Kama haipo, wingu linabaki jeupe. Chupa ya huko juu ikatoa kahawia ya chai ya rangi. Ya chini ya mfereji ikawa nyeupe, nyeupe pee kama tui la nazi. Tukarushiana mikono. "Mto umekufa!" Tukaandika sifuri, tukaandika na kurasa tatu za majonzi juu ya hiyo sifuri.

Mwalimu wa maabara aliuliza kitu kimoja tu. "Mlichanganya na maji safi mara ngapi?"

Hatukuchanganya. Na hapo ripoti nzima ikaanguka. Maji safi ya nyuzi 20 hayawezi kubeba oksijeni zaidi ya miligramu 9 hivi kwa lita. Kama uchafu uliomo unahitaji miligramu 1,000, chupa yenye 9 inakauka oksijeni siku ileile ya kwanza. Siku nne zilizobaki tulikuwa tumehifadhi chupa, hatukuwa tunapima kitu. Sifuri yetu ilimaanisha kipimo kimefika ukomo. Sisi tukasoma mto umefika mwisho wake.

Tulirudia. Safari hii tuliweka mililita 1 tu ya maji ya mfereji na kujaza iliyobaki kwa maji safi yenye hewa. Mfano wa hesabu yake uko hivi: tuseme oksijeni imeanza 8.2 na siku ya tano imebaki 4.4. Tofauti ni 3.8. Sampuli ilikuwa sehemu moja ya 300, kwa hiyo 3.8 mara 300, unapata 1,140. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Tanzania kwa majitaka yanayomwagwa kwenye mazingira ni 30. Ukiwa na namba ya aina hiyo unaweza kumfuata mtu mlangoni.

Kuna lingine, na hili halikuwa kwenye mwongozo wa maabara. Wakati tunachota, mzee mmoja aliyekuwa ameketi kwenye tairi bovu alituangalia, akasema, "Wanangu, mnahangaika bure. Kambale wapo humu, tunawala." Hakudanganya. Kambale ana kiungo cha ziada cha kupumulia. Maji yakikosa oksijeni anapanda juu na kuvuta hewa kama wewe na mimi. Perege asingemaliza asubuhi pale. Ushahidi wa mzee ulikuwa wa kweli na ulihitaji kusomwa, sawa na wingu jeupe lilivyohitaji kusomwa. Wanafunzi wengi wanatoka chuoni wakidhani sayansi ni kumwonyesha mzee kwamba amekosea.

Ina hesabu?

Ndiyo, na zaidi ni takwimu. Aliyekimbia hesabu kidato cha nne akadhani CBG imemwokoa, atazikuta zinamsubiri mlangoni.

Sababu si ugumu wa masomo, ni tabia ya mto. Ukipima BOD ya mto juu ya kiwanda ukapata wastani wa 12, na chini yake ukapata 15, kiwanda kina hatia? Inategemea. Kama juu ya kiwanda vipimo vyako kumi vilicheza kati ya 11 na 13, tatu hizo zina uzito. Kama vilicheza kati ya 5 na 22, hujaona kitu bado, na wakili wa kiwanda atakuangusha asubuhi moja. Takwimu ndiyo namna ya kujua tofauti uliyoiona ni ya mto au ni ya bahati.

Ramani nazo zina hesabu yake. Setilaiti za Landsat zimekuwa zikiipiga picha dunia tangu mwaka 1972, na tangu 2008 kumbukumbu hizo ni bure kwa yeyote mwenye bando. Mwanafunzi aliyekaa Morogoro anaweza kuona msitu wa Uluguru ulivyorudi nyuma miaka thelathini. Lakini kila kijiraba cha picha ni mita 30 kwa 30, eneo la kutosha nyumba kadhaa za Manzese na vyoo vyake, na kompyuta lazima ikiite kijiraba hicho jina moja: msitu, shamba au mji. Asiyekwenda kukanyaga pale ataamini ramani yake. Nimeona mashamba ya miembe yakihesabiwa kuwa msitu wa asili, na mwenye ramani akabisha.

Kozi sita, choo kimoja

Sasa ile karatasi ya kalamu ya bluu. Majina yanafanana, lakini njia zinaachana mapema na zinaishia kwenye bodi tofauti za usajili. Nitatumia choo kimoja cha shimo, Kigogo, msimu wa mvua, wakati mwenye nyumba anatoboa tundu pembeni ili uchafu ubebwe na mafuriko. Wenyeji wanaita kutapisha choo.

Aliyesoma afya ya mazingira, kwa mfano Muhimbili, anauliza nani ataugua. Anafikiria kipindupindu, anafuatilia wagonjwa, ana mamlaka ya kuingia uani. Huyo ndiye tuliyezoea kumwita bwana afya au bibi afya, na ana baraza lake la usajili. Aliyesoma uhandisi wa mazingira, kwa mfano Chuo Kikuu Ardhi, miaka 4 ya hesabu nzito, anauliza bomba la kipenyo gani litaondoa uchafu huu na bwawa la kuusafisha liwe na kina gani. Anasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Bila shahada ya uhandisi hutaingia huko, hata uwe umesoma mabomba mpaka ukayaota. Aliyesoma sayansi au sayansi na usimamizi wa mazingira, iwe Sokoine au Ardhi au kwingine, anauliza uchafu unaenda wapi ukishatoka kwenye tundu: kiasi gani kinafika kisimani, kiasi gani mtoni, na kwa muda gani. Huyu, akikidhi masharti na kupata uzoefu, anaweza kusajiliwa na NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, kuwa mtaalamu wa mazingira. Na yule wa masomo ya mazingira, yanayoegemea jiografia na jamii, anauliza kwa nini mwenye nyumba haiti gari la kunyonya: ni bei, ni uchochoro usiopitisha gari, au ni kwa sababu yeye haishi pale?

Hakuna swali la kijinga hapo. Ila ukichagua jina kwa kuvutiwa na sauti yake, utajikuta mwaka wa tatu unaona wivu swali la mwenzako. Kabla hujajaza fomu, tafuta orodha ya masomo ya kozi hiyo, soma yale ya mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza wote wanafanana. Mwaka wa pili ndio unaosema ukweli.

Kuhusu kuingia: sharti la chini kabisa la TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4, na kila chuo kinaongeza yake juu ya hapo, hasa kuhusu masomo gani. CBG na PCB (fizikia, kemia na biolojia) ndizo zenye njia pana zaidi.

Mita 60 kutoka wapi?

Vijana wa sayansi huwa wanaidharau sheria mpaka wanapoanza kazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ndiyo inayokupa sababu ya kuwepo kazini. Kifungu cha 4 kinampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 57 kinazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, ziwani au baharini, na hizo mita 60 zimeingia kwenye lugha ya mtaani pamoja na alama nyekundu ya X ukutani.

Lakini mita 60 unaanza kuhesabu wapi? Sheria inasema ukingo. Msimbazi pale Jangwani hauna ukingo mmoja. Mvua kubwa ikipita, mto unakula upande mmoja na kurundika mchanga upande mwingine. Nyumba iliyojengwa kihalali mita 80 inaweza kujikuta ipo mita 45 bila kusogea hata tofali. Huko mtoni ukingo ni swali la kisayansi linalohitaji miaka ya picha na vipimo, na jibu lake linavunja nyumba ya mtu. Nikikumbuka tulivyolipitia kwa nusu saa darasani, naona haya.

Sheria pia inaonyesha kisa cha kukifuata kitu kwa namna ambayo maabara haiwezi. Miaka ya 1980 jiji la Dar es Salaam lilikuwa likitupa taka Tabata. Wakazi wakaenda mahakamani kwa kesi ya mwaka 1988, wakashinda. Jiji likahamishia taka Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakashtaki mwaka 1991, nao wakashinda. Baadaye taka zikaenda Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu. Mahakama ilitenda haki kila mara, na kila mara mlima wa taka ulipata anwani mpya. Kwa mwanafunzi, hiyo ni mada ya muhula mzima: taka za jiji lenye watu mamilioni hazihukumiwi zikatoweka, kuna mahali lazima zikae, na mtu aliyepima udongo na maji ya chini ndiye anayepaswa kusema ni wapi, kabla ya hakimu kuitwa.

Kazi yenyewe

Mradi mkubwa hapa nchini, iwe mgodi, kiwanda, hoteli ya ufukweni au kituo cha mafuta, unatakiwa kupitia tathmini ya athari kwa mazingira, TAM kwa kifupi, kabla ya kuanza. Mwekezaji anaajiri wataalamu elekezi, wanaandika ripoti, NEMC inaipitia. Kenya mambo yanafanana, chini ya sheria ya mwaka 1999 na mamlaka yao ya NEMA. Wahitimu wengi wanapata mlo wao wa kwanza hapa: kubeba GPS, kuhoji wanakijiji, kuchota maji, kuandika sura ya pili ya ripoti ambayo jina lao halitatokea.

Niseme na ubaya wake. Nikiwa mgeni kwenye kazi, nilipewa rasimu ya ripoti ya kituo cha mafuta niihakiki tahajia. Kituo kilikuwa mkoa wa bara kabisa, nchi ya mibuyu na vumbi, bahari iko safari ya siku nzima kwa basi. Ukurasa wa arobaini na kitu ukasema kwa utulivu kwamba mradi hautaathiri mikoko. Mtu alikuwa amechukua ripoti ya pwani, akabadilisha jina la wilaya, akasahau mikoko. Nilicheka, halafu nikamkumbuka yule chura. Ripoti ya Kihansi ilikosa kumwona kiumbe aliyekuwepo. Hii yetu ilikuwa imeona msitu usiokuwepo. Zote mbili zilitoka kwa watu ambao hawakusimama pale muda wa kutosha.

Ajira serikalini zipo: maofisa mazingira wa halmashauri, mabonde 9 ya maji, NEMC, mamlaka za maji, misitu. Nafasi ni chache kuliko wahitimu, na ukumbi wa usaili wa Sekretarieti ya Ajira utakuonyesha hilo kwa macho. Sekta binafsi, migodi na ujenzi hasa, inataka mtu wa usalama, afya na mazingira kwa pamoja, na wengi wanaongeza cheti cha usalama kazini juu ya shahada yao.

Hapa ndipo kile kilio cha kuonjaonja kinaporudi, na ni cha haki. Mwajiri hamlipi mtu kwa kujua kidogo cha kila kitu. Niliosoma nao waliopata kazi mapema walikuwa na kitu kimoja walichokishika mpaka mkono ukazoea. Mmoja alikuwa mtu wa GIS, alikesha na programu ya bure ya QGIS mwaka mzima wa pili. Mwingine alikuwa wa maabara, yule ambaye titresheni yake ilikuwa haikosei tone. Wa tatu aliandika vizuri, Kiswahili na Kiingereza, na ofisini hilo ni adimu kuliko mnavyodhani. Waliochelewa, nami nikiwemo, tulikuwa na GPA nzuri na hatukuwa na jibu tulipoulizwa, "Unaweza kufanya nini Jumatatu asubuhi?"

Kwa hiyo nilimwandikia tena yule binti, safari hii nikiwa nimekaa. Nikamwambia kati ya zile kozi sita, mbili ni za uhandisi na yeye hana fizikia, azifute. Ya afya ya mazingira aiweke kama anapenda kushughulika na watu na magonjwa. Za sayansi aziweke juu kama anaweza kuvumilia siku 5 kusubiri chupa, na kuanza upya ikibidi. Akasoma, nikaona tiki mbili za bluu, kimya. Usiku ndipo alipojibu: "Asante kaka. Na fildi wanatoa hela?"

Nikamwambia wanaopata mkopo wa bodi huwa wana fungu la fildi, ila mara nyingi linafika fildi ikiwa imeshaanza. Anunue buti za mpira kabla bumu halijaisha, zile ndefu zinazofika magotini, na achukue namba moja kubwa zaidi, kwa sababu tope la Msimbazi linavuta.